UKURASA WA MKULIMA: Mizizi Huifunguaje Zinki Iliyofungwa Udongoni?



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuchagua mbegu ya mpunga. Mwezi huu tushuke chini ya udongo, mahali macho yasipofika. Tuitazame mizizi inavyohangaika kutafuta chakula kimoja kidogo sana. Jina la chakula hicho ni zinki.

Usidhani jina hili ni geni kwako. Bati la kuezekea nyumba limepakwa zinki ili lisishike kutu upesi. Na mama aliyempeleka zahanati mtoto anayeharisha amepewa vidonge vya zinki pamoja na ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto huyo apewe zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma mapema.

Zinki ni madini. Mimea nayo huila, ila kwa kiasi kidogo mno. Mpunga ukitoa tani moja ya mavuno, huwa umechukua udongoni naitrojeni kilo 15 hadi 20. Zinki huchukua gramu 50 hivi tu, wala haijazi kiganja cha mtoto. Lakini bila hicho kidogo mmea haukui. A. L. Sommer na C. B. Lipman walilionyesha jambo hilo huko California mwaka 1926.

Mpunga wenye rangi ya kutu

Sasa tuseme wewe, mkulima wa Dimani, umepandikiza mpunga wako bondeni. Wiki ya kwanza miche inaonekana kushika. Kati ya wiki ya pili na ya nne unaanza kuona mambo. Majani machanga yanapauka kwenye mshipa wa katikati, hasa karibu na shina. Majani ya chini yanatoa madoa na michirizi ya kahawia, kama bati lililoshika kutu. Miche inadumaa. Tena haidumai shamba zima. Hapa pana kiraka kibaya, na hatua kumi mbele mpunga ni mzuri.

Unawaita jirani zako. Mmoja anasema huo ni ugonjwa, nunua dawa ya kupuliza. Wa pili anasema hiyo ni njaa ya mbolea, ongeza yurea. Wa tatu anasema shamba limepatwa na kijicho. Na wewe fedha yako ni ile ile moja, ukiitumia vibaya haitarudi.

Huenda wote watatu wamekosea. Wakulima wa kaskazini ya India walipatwa na jambo kama hili katika mpunga wao. Waliliita khaira. Watu walidhani ni ugonjwa. Mwaka 1966 mtaalamu wa magonjwa ya mimea aitwaye Y. L. Nene, wa huko Pantnagar, alieleza kwamba mpunga ule haukuwa na vijidudu. Ulikuwa umekosa zinki. Tangu wakati huo upungufu wa zinki umeonekana katika mashamba ya mpunga ya nchi nyingi, hasa za Asia.

Mimi siwezi kukaa hapa nikakwambia kuwa shamba lako lina upungufu huo. Hilo litajulikana kwa kupima udongo au kwa kufanya jaribio, na jaribio nitakuonyesha. Tena kuna mambo mengine yanayofanana nalo. Maji ya chumvi yakipanda kutoka baharini, ncha za majani ya mpunga hukauka na kuwa nyeupe. Na kama majani yamekuwa ya manjano yenye mabaka mabaka, huenda ni kimyanga. Huo ni ugonjwa wa virusi, na zinki haiponyi kimyanga.

Zinki imo, lakini imefungwa

Jambo la kushangaza ni hili. Mara nyingi ukipima udongo wa shamba linalodumaa, unakuta zinki imo ndani yake, tena ya kutosha mavuno mengi. Mmea unalala na njaa huku ghala limejaa. Sababu ni kwamba ghala limefungwa.

Zinki haifanani na vyakula vingine vya mmea. Naitrojeni ya mbolea huyeyuka katika maji, na mzizi ukinywa maji naitrojeni huja nayo. Zinki hung'ang'ania chembe za udongo, haitembei. Wewe wa delta utanielewa nikisema zinki ni kama kaa wa mikokoni. Kaa hakufuati nyumbani. Wewe humfuata shimoni kwake, ukaingiza kulabu, ukamtoa. Mzizi ukiwa mbali na zinki kwa upana wa kidole tu, ni kama zinki hiyo haipo.

Shamba la mpunga lililojaa maji lina taabu zaidi. Maji yakisimama siku nyingi, hewa haiingii tena udongoni. Udongo hubadilika. Uchachu wake hupungua, na udongo ukikosa uchachu huishika zinki kwa nguvu zaidi. Kisha chini kabisa hutokea lile tope jeusi lenye harufu ya yai viza. Harufu hiyo inatokana na salfa, na salfa iliyokosa hewa huikamata zinki na kuifanya kama jiwe.

Mzizi wa mpunga unavyopumua topeni

Sasa tuitazame kazi ya mzizi. Watu wengi hudhani mzizi ni kama mrija wa kunyonyea madafu: unasimama pale, unanyonya kilichopo. Sivyo. Mzizi hufanya kazi ya kuugeuza udongo ulio karibu nao.

Umewahi kuutazama mti wa mchu au mlilana wakati maji yamekupwa? Vimizizi vimechomoza juu ya tope kama vidole. Hivyo ni vipumulio. Mti umesimama katika tope lisilo na hewa, kwa hiyo hutoa mizizi nje ili ipumue. Mpunga nao una akili yake. Ndani ya majani na shina lake kuna njia za hewa, na njia hizo hushuka mpaka mizizini. Hewa huingia juu, hutelemka chini, na nyingine huvuja nje ya mzizi na kuingia katika tope.

Hewa hiyo inayovuja ndiyo inayofungua mlango. Tope la bondeni lina chuma nyingi. Chuma hiyo ikikutana na hewa ya mzizi hushika kutu. Wakati wa kushika kutu hutoa uchachu. Unajua jinsi ndimu inavyong'oa kutu kwenye kisu. Uchachu ule nao huing'oa zinki kutoka kwenye chembe za udongo, mzizi ukaipata. Mwaka 1995 watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, iliyoko Los Baños huko Ufilipino, walieleza walivyoipima kazi hii kandokando ya mizizi ya mpunga. Waliona kuwa mabadiliko yote hayo hutokea katika nafasi ya milimita chache tu kutoka kwenye mzizi. Mbele ya hapo tope linabaki kama lilivyokuwa.

Jambo hili unaweza kuliona mwenyewe bila mashine yoyote. Ng'oa shina moja la mpunga katika jaruba lako, ulisuuze taratibu. Mizizi mizima huwa na ncha nyeupe, na sehemu nyingine imepakwa rangi ya kutu. Hiyo rangi si ugonjwa, ni alama kwamba mzizi unatoa hewa. Lakini ukiona mizizi ni myeusi, imelegea, na inanuka yai viza, jua kwamba hewa imeshindwa na tope limeshinda. (Wataalamu wenyewe wanabishana kidogo hapa. Kuna wanaosema ile kutu ikizidi nayo huikamata zinki isiingie ndani ya mzizi. Wacha wabishane, kwa mkulima, mzizi wa rangi ya kutu ni bora kuliko mzizi mweusi.)

Mzizi una kulabu nyingine pia. Mpunga, mahindi, mtama na nyasi nyingine za jamii hiyo hutoa utomvu maalumu mizizini. Utomvu huo hutoka, huishika chuma au zinki, kisha mzizi huuvuta tena ndani pamoja na mzigo wake. Si kila aina ya mpunga hufanya kazi hii sawasawa. Ndiyo maana katika kiraka kimoja aina hii hudumaa na aina ile huvumilia. Watafiti wameona kwamba aina nyingi zinazovumilia zina tabia moja: baada ya kupandikizwa, huendelea kutoa mizizi mipya hata zinki ikiwa haba.

Fikiri juu ya neno hilo, "mizizi mipya", kisha ukumbuke jinsi tunavyong'oa miche kitaluni.

Mche usiokatwa mizizi

Wengi wetu tunashika miche kwa konzi, tunavuta kwa nguvu, tunaikung'uta mguuni, nusu ya mizizi inabaki kitaluni. Kisha tunauchomeka mche ule katika tope lisilo na hewa na kuutaka utafute zinki. Autafute nani, na mizizi imekatika? Hata ile miadi ya wiki ya pili mpaka ya nne sasa unaielewa. Ndio wakati mche umemaliza akiba iliyokuja nayo kutoka kitaluni, na mizizi mipya bado haijatosha.

Kwa hiyo mwagia kitalu maji ya kutosha kabla ya kung'oa. Shika miche michache karibu na shina, vuta taratibu. Usiilaze juani. Usingoje mpaka miche izeeke. Na pale penye viraka vya kudumaa, panda miche miwili au mitatu katika shimo moja badala ya mmoja. Mizizi mingi iliyo karibu hubadilisha udongo mwingi zaidi kuliko mzizi mmoja ulio peke yake.

Maji nayo yatazamwe. Kama jaruba lako lina njia ya kutoa maji, na umeona dalili za kutu, yatoe. Acha udongo upate hewa siku chache hadi uanze kupasuka kidogo, kisha rudisha maji. Mara nyingi mpunga hupata nafuu kwa hilo tu. Najua wengi wa Rufiji na Kibiti hawawezi kuyaamuru maji. Mto ukija umekuja, kama ulivyokuja Aprili 2024 ukafunika mashamba ya watu wengi. Lakini baada ya mavuno shamba liache likauke vizuri kabla ya msimu mwingine, lisikae na maji mwaka mzima bila sababu.

Mabua na majani mabichi usiyafukie siku chache kabla ya kujaza maji. Yataoza bila hewa na kulizidisha lile tope jeusi. Yafukie mapema yakiwa makavu, au yaozeshe kwanza pembeni yawe mboji.

Kuhusu mbolea ya chumvichumvi, neno moja tu. Yule jirani aliyesema "ongeza yurea" hakukusaidia. Mpunga wenye njaa ya zinki hauwezi kuitumia yurea hiyo. Mbolea za fosfeti nazo zikizidi huifanya njaa ya zinki iwe kali zaidi. Kama unanunua mbolea ya naitrojeni, muulize Bwana Shamba au Bibi Shamba kama sehemu yake inaweza kuwa S.A. Mzizi ukila S.A. hutoa uchachu kandokando yake, na faida ya uchachu tumekwisha kuiona.

Huku juu kwenye mchanga

Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, watu wengi wa Bonde la Rufiji walihamishiwa vijiji vya sehemu za juu. Tangu hapo familia nyingi zina jembe moja bondeni na jingine mchangani. Huku mchangani shida ni nyingine. Hapa hewa ipo tele, bali udongo wenyewe una zinki kidogo, na kavu ikija mzizi hauwezi kuifikia hata hiyo.

Mahindi yakikosa zinki hutoa milia myeupe kila upande wa mshipa wa katikati, katika majani machanga. Muhogo ukiikosa, majani yake ya juu huwa membamba na yenye madoa meupe au ya manjano kati ya mishipa.

Muhogo una mizizi minene na michache, haina vinyweleo vingi. Ungeshindwa kabisa kama usingekuwa na rafiki. Rafiki huyo ni kuvu, jamii ya ukungu na uyoga, ila hizi huishi ndani ya mizizi na nyuzi zake huenea udongoni mbali kuliko mzizi. Nyuzi ni nyembamba kuliko unywele. Zinaingia mahali mzizi usipoweza kuingia, zinaleta fosfeti na zinki, na muhogo unazilipa kwa sukari. Ni biashara ya haki. Mahindi, kunde na mimea mingine mingi inayo pia biashara hii, lakini muhogo unaitegemea kuliko karibu yote.

Kuvu hizi hufa kwa njaa shamba likikaa uchi muda mrefu. Huko Queensland, Australia, wakulima walishangaa kuona mazao yanadumaa katika mashamba yaliyopumzishwa bila mmea wowote. Walitazamia mashamba yaliyopumzika yawe bora. Mwaka 1987 mtafiti J. P. Thompson alieleza sababu: kuvu zilikuwa zimepungua, na mimea haikuweza kupata fosfeti na zinki. Maji yakifunika shamba kwa muda mrefu bila mmea, kuvu hupungua vilevile. Kwa hiyo mafuriko yakiondoka, usiliache shamba tupu. Panda kunde mapema katika mlao wako. Kunde huwalisha watoto, hurudisha naitrojeni, mizizi yake hutoa uchachu, na kuvu hupata mahali pa kuishi. Kuchoma moto shamba zima kila mwaka nako hakuzisaidii kuvu, na majivu mengi mahali pamoja hupunguza uchachu wa udongo.

Jaribio la hatua tano

Kuna mbolea iitwayo salfeti ya zinki. Kabla ya kununua mfuko kwa shamba zima, nunua kidogo ufanye jaribio. Chagua kiraka kimoja kinachodumaa. Pima hatua kubwa tano kwa tano, uweke vijiti pembeni. Chukua gramu 60, yaani kama vijiko vinne vya chakula. Changanya na mchanga mkavu ili usambae sawasawa, mwaga juu ya udongo, usiifukie chini. Kando yake acha kiraka kingine cha namna ile ile bila kitu. Vitazame vyote viwili kila wiki. Kama baada ya wiki mbili tatu kile cha kwanza kinatoa majani mapya ya kijani na cha pili bado kimedumaa, umepata jibu lako. Kama vyote viwili ni sawa, fedha yako imepona. Tafuta sababu nyingine.

Jaribio likikubali, ekari moja huhitaji kilo 8 hadi 16. Hapa soma maandishi ya mfuko. Kiasi hicho ni cha salfeti yenye zinki asilimia 21 hadi 23. Iko nyingine yenye asilimia 33 hadi 36. Ya namna hiyo kwa ekari ni kilo 4 hadi 10, na kwa jaribio gramu 40. Asiyesoma mfuko ataweka kupita kiasi, na zinki ikizidi ni sumu kwa mmea. Ukishaiweka, hubaki udongoni ikafaa misimu kadhaa, kwa hiyo huna haja ya kununua kila mwaka.

Nimesikia watu wakisema kwamba betri kuukuu za tochi zina zinki, hivyo zipondwe na kutupwa shambani. Usifanye hivyo kamwe. Zinki imo kweli, lakini betri zinaweza kuwa na madini mengine yenye sumu, na utayala katika wali.

Ukitaka kupima udongo, mwambie Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata. Vipimo hufanywa katika kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga, na katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Chimba mahali 10 hadi 15 katika shamba, ukipita huku na huku. Kila mahali chukua udongo wa juu mpaka kina cha sentimita 20. Uchanganye wote, kisha utoe kama nusu kilo. Viraka vibaya na sehemu nzuri usivichanganye. Weka mifuko miwili. Tumia ndoo ya plastiki na jembe safi. Usitumie ndoo ya bati, maana zinki ya ndoo itaingia katika udongo na kipimo kitadanganya. Anika udongo kivulini. Katika kila mfuko tia karatasi yenye jina lako, kijiji, zao lililopandwa, na maneno "mbaya" au "nzuri".